Miongo, Mfungo na Kipande: Jinsi Siku Zilivyohesabiwa Pwani ya Tanga

Anayetaka kuelewa kwa nini mkata mkonge wa Muheza katika miaka ya 1930 aliitunza kadi yake ya kazi kwa uangalifu kuliko alivyotunza fedha, inambidi aanze mbali kidogo, kwenye upepo. Pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia mto Umba kupitia Tanga na Pangani hadi Saadani, ilikuwa na mwaka wake mwenyewe karne nyingi kabla ya kalenda ya ukutani kufika. Kaskazi ilivuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, ikaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na pwani ya India; kusi ilishika zamu kuanzia Aprili, ikayarudisha kwao. Nahodha aliyechelewa kupakia pembe, pembe za vifaru au mtama hakuwa na hakimu wa kumwombea siku za ziada. Upepo ukimponyoka, alikaa bandarini miezi kadhaa, na mtaji wake ukakaa naye. Kuhesabu siku zilizobaki, basi, ilikuwa kazi ya lazima kwa kila mwenye mali, na haikuachiwa wanazuoni peke yao.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya namna mbili, na zote mbili zilikwenda pamoja. Ya kwanza ilifuata jua. Mwaka ulianza Siku ya Mwaka, ambayo pia huitwa Nairuzi, neno lililokuja na mabaharia kutoka Uajemi. Kutoka siku hiyo watu walihesabu kumi-kumi: kila siku 10 ni mwongo mmoja, na miongo 36 hufanya siku 360, kisha zinaongezwa siku tano za mwisho ili kutimiza 365. Mkulima alijua ni katika mwongo upi mvua za vuli zitegemewe na katika upi za masika. Baharia alijua mwongo ambao bahari hufunguka baada ya kusi kali. Hesabu hii haikuwa na mwaka mrefu wenye siku ya nyongeza, hivyo ilirudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Ndiyo maana Siku ya Mwaka iliyoangukia mwezi Agosti katika karne ya 19 leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja, mwezi Julai. Kasoro hiyo haikumsumbua mtu sana, maana ndani ya maisha ya mtu mmoja tofauti haikuzidi wiki mbili au tatu.

Hesabu ya pili ilifuata mwezi mwandamo, na hii ndiyo iliyoshika mambo ya nafsi na familia. Miezi ilipewa namba kutoka Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, na Ramadhani nyingine ikaingia. Idd ya kuchinja ilikuwa mwezi kumi Mfungo Tatu, na Maulidi yalisomwa Mfungo Sita. Mvuvi wa Kigombe naye alisoma mwezi huohuo kwa sababu nyingine: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu alitazamia bamvua, na katikati yake maji mafu. Siku yenyewe ilianza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Bwana harusi alikaa fungate siku saba. Mzazi alihesabu arobaini. Mjane alikaa eda miezi minne na siku kumi, na wanawake wa mtaa waliihesabu pamoja naye, kiasi kwamba siku ya kutoka haikuhitaji kutangazwa.

Tunapaswa kuwa waangalifu hapa tusije tukaipamba mno pwani ya zamani. Ni kweli kwamba upepo na mwezi vilionekana na kila mtu, na hakuna aliyeweza kumficha mwenzake tarehe. Lakini siku za watumwa zilikuwa na mwenyewe. Katika mashamba ya pwani desturi iliyozoeleka ilikuwa mtumwa kumfanyia kazi bwana wake siku tano za juma na kuachiwa Alhamisi na Ijumaa kwa ajili ya konde lake mwenyewe. Kando ya mto Pangani, ambako Waarabu walifungua mashamba ya miwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu miwa iliyokatwa haingoji: isipokamuliwa mapema, sukari hupotea. Mvutano kuhusu siku ngapi ni za bwana na ngapi ni za mfanyakazi ulikuwapo Pangani kabla Mjerumani hajashuka pwani. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu litarudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Hatua inayofuata ilianza kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani, kuanzia Umba mpaka Ruvuma, kwa muda wa miaka 50. Kampuni ilitakiwa kushika madaraka katikati ya Agosti mwaka huohuo. Wakuu wa kampuni walitazama kalenda yao tu. Katika kalenda ya pwani, siku hizo ndizo zilikuwa siku za Idd ya kuchinja ya mwaka 1305 wa Hijria, na Pangani ilikuwa imejaa watu: wenyeji, wapagazi wa misafara, Wazigua kutoka bara, na wafanyabiashara waliokuwa wakimalizia shughuli za msimu. Emil von Zelewski, wakala wa kampuni pale Pangani, alidai bendera ya kampuni ipandishwe, akagombana na liwali wa Sultani, na katika msako wa kumtafuta liwali huyo wanamaji wa Kijerumani waliingia msikitini. Zaidi ya hayo, kampuni ilitangaza kwamba wenye ardhi na nyumba waje kuziandikisha kwa muda maalumu. Kwa watu waliozoea kwamba haki ya shamba hushuhudiwa na majirani, kuambiwa kwamba haki hiyo ina siku ya mwisho lilikuwa jambo geni na la kutisha.

Vita vilivyofuata, ambavyo Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa Tanga aliviandikia utenzi, vimeelezwa kwa njia mbalimbali. Wajerumani wa wakati ule waliviita uasi wa Waarabu waliokuwa wakitetea biashara ya utumwa. Maelezo hayo yaliwasaidia kupata fedha za bunge lao, lakini hayatoshi, kwa sababu walioanza kupiga kelele barabarani Pangani hawakuwa matajiri wa Kiarabu peke yao. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameonyesha jinsi umati wa mji, wapagazi na watu wa bara walivyomsukuma hata Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, aongoze jambo ambalo lilikwisha kuwaka. Naona maelezo haya yana nguvu zaidi, nami ningeongeza kwamba bila Idd umati ule usingekuwa pale. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na kuanzia hapo tarehe za mkataba ndizo zilizotawala.

Miaka michache baadaye ukaja mmea uliobadili maana ya siku ya kazi. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yalienea kufuata reli, ambayo ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905.

Tabia ya mkonge inafaa kuelezwa, maana ndiyo chanzo cha mengi yaliyofuata. Mahindi yana msimu wa kuvuna, na minazi inaweza kungoja. Mkonge hauna msimu na hauwezi kungoja. Jani hukatwa mwaka mzima, na likishakatwa inabidi lifikishwe kwenye mashine ya kuchakata, korona, kabla halijakauka, la sivyo nyuzi huharibika. Korona ni mashine ya gharama, na ili ilipe inapaswa kuzunguka kila siku. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji idadi ileile ya watu Januari kama Julai, na wakati wa masika kama wakati wa kiangazi. Lakini watu waliomzunguka, Wabondei, Wadigo, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao, na masika yakianza kila mmoja alirudi kupanda. Hapo hesabu mbili za siku ziligongana kila mwaka, na mashine ndiyo iliyosimama.

Wajerumani walijaribu njia nyingi za kuziba pengo hilo. Hata kabla ya mkonge kupandwa, mwaka 1892, waliletwa vibarua Wachina na Wajava; gharama ilikuwa kubwa, wengi waliugua, na jaribio halikudumu. Wakawafuata Wanyamwezi na Wasukuma, waliokuwa na sifa ya muda mrefu katika kazi za misafara. Mwaka 1898 ilianzishwa kodi ya nyumba, na kodi ina siku yake: aliyeshindwa kulipa kwa fedha alilazimishwa kufanya kazi. Mwisho, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, ikabuni kadi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Msambaa wa milimani, aliyekuwa akihesabu mvua, sasa alihesabu pia siku alizobakiza kwenye kadi kabla ya miezi minne kuisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza mambo kwa miaka michache, na Tanga ilipata kituko chake cha muda wa mwisho. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilifika bandarini na kuupa mji saa moja usalimu amri. Saa ikapita, na saa nyingine zikafuata, huku Waingereza wakihofia mabomu ya baharini. Nafasi hiyo ilimwezesha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kushusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, na kikosi cha Waingereza na Wahindi kilichokuwa kikubwa mara kadhaa kikashindwa. Waingereza waliitwaa nchi baadaye, mashamba ya Wajerumani yakauzwa kama mali ya adui, na wengi walionunua walikuwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Wenye mashamba walibadilika. Tatizo la korona kusimama halikubadilika.

Jibu la Waingereza lilikuwa kipande. Kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Asubuhi mnyapara alimgawia kila mtu kazi yake. Mkataji, kwa mfano, alipewa idadi ya mafungu ya majani ya kukata, kuyafunga na kuyabeba hadi kando ya reli ndogo ya shamba. Akiikamilisha, karani alitia alama kwenye kisanduku kimoja. Asipoikamilisha, kwa sababu ya mvua, homa, mkonge mbaya au mnyapara mwenye chuki, kisanduku kilibaki kitupu hata kama alitoka jasho mchana kutwa. Mshahara ulilipwa visanduku vyote 30 vikijaa, na vilitakiwa kujazwa ndani ya siku 42. Katikati ya muda huo mtu aliishi kwa posho, na kwa mikopo ya duka.

Tazama basi kilichotokea. Kwa mwezi mwandamo, siku 30 ni siku 30, uwe mgonjwa au mzima. Kwa kipande, siku 30 zingeweza kuwa wiki tano, sita au zaidi, na mtu hakujua mwisho wake mpaka afike. Aliyeondoka na visanduku 24 aliacha nyuma kazi ya siku 24. Zaidi ya hayo, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, linalopelekwa mahakamani. Ndiyo maana ile kadi ilikunjwa kwenye kitambaa, ikafungwa kiunoni na kufichwa isilowe. Mtu aliyepoteza fedha angeweza kukopa; aliyepoteza kipande alibaki akibishana na karani juu ya siku ambazo hakuna mwingine aliyeziandika.

Kwa nini utaratibu huu ulidumu miaka mingi hivyo? Wenye mashamba walisema Mwafrika hapendi kazi ya mfululizo: anakuja kutafuta fedha ya kodi na ya shuka, akiipata anaondoka, na bila kadi asingemaliza hata juma. Hoja hii ilirudiwa sana ofisini Tanga, lakini inasahau kwamba mtu huyohuyo alilima mahindi na muhogo kwa mfululizo bila kusimamiwa na mnyapara. Wataalamu wa baadaye, kama Issa Shivji aliyechunguza sheria za kazi za Tanganyika, wamekitazama kipande kama chombo cha mwajiri: kilizuia mshahara mpaka mwisho, kikahamishia kwa mfanyakazi hasara ya ugonjwa na mvua. Hoja hiyo ina ushahidi mzito. Hata hivyo kuna upande wa tatu ambao haifai kuupuuza. Kwa mtu wa karibu, Mbondei wa Muheza au Mzigua wa Handeni, siku 42 kwa kazi za siku 30 ziliacha nafasi ya kwenda kupalilia kwao, kuzika, kuoza binti, na kurudi. Alikitumia kipande kimoja au viwili kwa mwaka, alipe kodi, kisha akapotea masika. Mkataba wa kudumu ungemnyang'anya shamba lake. Kwa maoni yangu, kipande kilidumu kwa sababu kilimfaa mwajiri sana na kilimfaa mwenyeji kidogo. Aliyeumia zaidi alikuwa yule aliyetoka mbali.

Huyo wa mbali aliitwa manamba, kwa sababu aliandikishwa kwa namba. Walitoka Kigoma, Njombe, Iringa, Songea, Ruanda-Urundi, na Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunganisha uandikishaji wao katika ofisi moja, Silabu, iliyokuwa na mawakala mikoani, malori na makambi ya njiani. Safari ilikuwa ndefu. Reli ya Kati haikuungana na ya Tanga mpaka mwaka 1963, hivyo Muha aliyepanda treni Kigoma alimalizia kwa lori. Tofauti na Mbondei, yeye hakuweza kwenda kupalilia. Nauli ya kurudi ililipwa na mwajiri mkataba ukikamilika, na anayekatisha aliipoteza. Kila kisanduku kitupu kilisogeza mbele siku ya kuwaona wazazi, na barua, kwa wachache walioweza kuandika au kuandikiwa, ilichukua wiki nyingi kumwambia mke kwamba mume hatarudi mwezi aliotaja.

Mwisho wa kipande haukuja kwa siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 migomo ilienea mashambani, ule wa Mazinde mwaka 1958 ukiwa miongoni mwa iliyovuma, na chama cha wafanyakazi wa mkonge chini ya Victor Mkello kikadai mishahara na heshima. Baada ya uhuru wa Desemba 1961 serikali mpya iliweka kima cha chini cha mshahara, na ajira ikaanza kupimwa kwa mwezi wa kawaida. Wengine husema sheria ndiyo iliyokiua kipande, wengine husema ni migomo. Soko nalo lilishiriki. Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, uzalishaji ukiwa takribani tani 230,000, kisha bei ikaporomoka kamba za nyuzi za viwandani zilipoingia. Kwa mshahara wa juu na bei ya chini, wenye mashamba walipunguza watu, na mwenye kupunguza watu hana haja ya kupeleka lori Kigoma. Uandikishaji wa mbali ulikoma, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma.

Hapo palikuwa na watu ambao hesabu yao ilikuwa imekwisha lakini safari hawakuifanya. Baadhi walikuwa wameoa Tanga, wengine waliona aibu kurudi mikono mitupu baada ya miaka 20, wengine wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa. Walipewa au walijipatia vipande vya ardhi pembezoni mwa mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani, wakapanda mihogo, minazi na michungwa. Wajukuu wao ni watu wa Tanga, wanaozungumza Kiswahili cha Tanga, na katika baadhi ya vijiji hivyo bado utawakuta wazee wanaosalimiana kwa Kiha au Kimakonde wakiwa mamia ya kilomita kutoka walikoandikishwa.